Sarafu Isiyohesabiwa

Jumanne asubuhi Komakech aliinua simu kwa mkono wa kushoto, akagusa picha ya kikombe, akasubiri. Simu ikanyamaza. Akagusa tena, safari hii kwa nguvu, kama anayegonga kioo cha dereva mkaidi. Kila siku sauti ya kijana wa pwani ilitoka humo ikasema kwa adabu zake zote, "Naomba chai." Leo kioo kiligeuka cheupe, na katikati yakatokea maandishi ambayo Amito, binti yao mdogo, aliyasoma akiwa mlangoni na mswaki mdomoni.

"Muda wa kujaribu bure umekwisha. Nunua ili uendelee."

"Basi nunua," alisema Zahara kutoka dukani. "Kwani nani amekataa?"

Duka lilikuwa mbele, nyumba nyuma, na katikati pazia tu. Zahara aliuza udi, halwaridi, kanzu, tasbihi na viungo vya pilau, hapo hapo Kibuli ambapo baba yake aliviuza, na kabla yake babu yake, aliyefika na msafara wa biashara kutoka pwani akasahau kurudi. Komakech yeye alitoka kaskazini, akaingia polisi, akasimama kwenye njia panda za Kampala mpaka akastaafu na cheo cha sajini. Watu walishangaa siku walipooana. Zahara hakushangaa; alikuwa amekwisha kumwona akimsimamisha mheshimiwa mmoja kwenye gari jeusi ili bibi mwenye ndizi kichwani avuke.

Kisha kiharusi kikaja, kikachukua ulimi na mkono wa kulia. Daktari alisema akili ni nzima, kilichofungwa ni mdomo. Muuguzi mmoja mwenye huruma akawaonyesha programu ya kuzungumza: unagusa picha, au unaandika herufi moja moja, simu inasema badala yako. Wakaipakia kwenye simu yenye kioo kikubwa ambayo Akwero, binti yao mkubwa, alikuwa amemletea mama yake kutoka Muscat anakofanya kazi.

Siku ya kwanza simu iliposema "Naomba maji," Zahara aliketi chini akacheka hadi ushungi ukamdondoka.

"Afande! Miaka yote hii nasikia 'leta maji', 'leta chakula', 'leta viatu', kama niko gwarideni. Kumbe 'naomba' ulikuwa nayo, umeificha tu!"

Komakech alikuwa amecheka kwa upande mmoja wa uso, ule uliobaki.

Leo hakucheka mtu. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo wakwe kutoka Kansanga walikuwa wanakuja kujitambulisha. Kijana aliyemtaka Amito aliitwa Zuhair, fundi wa majokofu, na watu wake walikuwa wamekwisha kukodi msemaji, kama ilivyo desturi ya mjini siku hizi. Upande wa binti nao hukodi wake, wawili hao wakashindana kwa maneno matamu huku wenye harusi wamekaa kimya kama mizigo. Komakech hakuipenda hiyo biashara hata alipokuwa mzima. "Mtoto yangu mimi siwezi toa na mdomo ya kukodi," alisema zamani, kwa Kiswahili chake cha kambini, na neno lake likawa sheria ya nyumba.

Ndiyo maana mwezi mzima, kila alasiri, alikaa kwenye kiti cha plastiki akiandika hotuba yake kwa kidole kimoja cha kushoto. Ukimkaribia alifunika kioo kwa kiganja, kama mwanafunzi kwenye mtihani. Hotuba ilikuwa imekamilika. Sasa ilikuwa imefungiwa ndani, na mlango ulitaka ununuzi.

Amito alijaribu kununua hapo hapo. Kioo kikauliza namba ya kadi ya benki, kikakataa kusikia habari ya pesa za simu, ambazo ndizo Zahara anazo na ndizo anazozijua.

"Baba," alisema Amito taratibu, "basi tutafute msemaji. Au uandike kwenye karatasi, mama asome."

Komakech alimtazama kwa jicho ambalo zamani aliwatazamia madereva waliomkabidhi leseni yenye kitu kimekunjwa ndani. Amito akarudi kusukutua mdomo.

*

Kwanza Zahara alifanya anachofanya kila mwenye simu: aliizima, akaiwasha. Akaongeza vifurushi vya mtandao. Akaifuta kioo kwa pindo la kanga, akaisomea Bismillah. Simu ikasisitiza kadi.

Mwenye kadi katika ukoo alikuwa kaka yake, Swaibu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Swaibu alikubali, ila kadi yake haiachi mfuko wake bila yeye mwenyewe kufuatana nayo. Basi Jumatano wakapanda boda mbili mpaka Kansanga, kwenye duka kubwa la simu lenye vioo na kiyoyozi, wakasimama foleni nyuma ya wasichana wenye kucha ndefu.

Kijana wa kaunta alikuwa na beji, manukato, na haraka. Alimtazama Zahara, akatazama simu, akainua sauti kama vile uzee ni uziwi.

"Jajja, hakuna mjukuu nyumbani akusaidie hivi vitu?"

"Wapo, ila wameniomba mimi niwasaidie," alisema Zahara. "Endelea, mwanangu."

Kijana akaingiza namba za kadi. Simu ikatafakari, ikakataa. Akaingiza tena. Ikakataa. Mara ya tatu akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Nnyabo, kadi ndiyo mbaya. Imekataliwa. Labda haina kitu."

Foleni nzima ikageuka. Swaibu, aliyewahi kulipia mabati ya msikiti mmoja mzima, alibadilika rangi.

"Haina kitu? Mimi? Kijana, unajua mimi ni nani?"

"Ssebo, mimi najua tu mashine imesema nini."

"Piga tena!"

"Nikipiga tena benki itaifunga. Anayefuata!"

Nje, kwenye jua, Swaibu aliigeuza kadi mkononi kama mtu anayemkagua mtoto aliyemtia aibu. "Zahara, dada yangu, kwa nini usimkodie huyo mume wako mtu wa kusema? Wapo wengi. Hata mimi naweza kusema."

"Wewe kaka ukianza kusema, bwana harusi atazeeka."

Alicheka yeye peke yake. Njiani kurudi, nyuma ya boda, hakucheka. Ile "jajja", yaani bibi, haikumuuma. Nywele zake ni mvi na hana siri nazo. Kilichomuuma ni kwamba simu ilikuwa inasema jambo mara tatu, na watu watatu wakubwa walikuwa wameisikia mara tatu bila kuielewa. Yeye ni mfanyabiashara. Mteja akirudisha kitu mara tatu, hupigi kelele. Unakaa chini unajiuliza ana tatizo gani.

Nyumbani alimkuta Komakech kwenye kiti chake, amenyoa ndevu vibaya upande mmoja. Mkono wa kushoto haujazoea wembe. Hakuuliza kitu, maana hakuwa na cha kuulizia. Aliinua nyusi tu.

"Bado," alisema Zahara. "Lakini nimeanza kuijua tabia yake."

*

Akaketi nayo kama anavyoketi na mteja mgumu. Alifungua ukurasa wa malipo, akausoma wote kutoka juu mpaka chini, pamoja na yale maandishi madogo ambayo watu huyaruka. Kiingereza chake ni cha sokoni lakini kina meno. Na hapo akaona kitu: bei haikuandikwa kwa shilingi. Haikuandikwa kwa dola pia. Iliandikwa kwa riyali.

Akampigia Akwero.

"Mama, subiri," alisema Akwero, na nyuma yake zikisikika sahani za watu wengine. "Hiyo akaunti niliifungua huku, siku niliyonunua simu. Yaani duka la programu linadhani bado mko Muscat. Ndiyo maana halitaki pesa za simu za Kampala. Na kadi ya Mjomba ni ya Uganda, ndiyo maana imekataliwa. Kadi yake haina ubaya."

"Mwambie hivyo yeye mwenyewe, amekataa kula."

"Sasa mama, ibadilishe nchi. Nenda kwenye mipangilio, uweke Uganda."

Zahara akaenda kwenye mipangilio. Alipotea mara kadhaa, akatokea sehemu za saa na za milio, akamzima jogoo aliyekuwa akimwamsha Amito, mwishowe akafika. Akagusa Uganda. Simu ikajibu kwa Kiingereza baridi: nchi haiwezi kubadilishwa kwa sasa.

"Kwa nini?" Zahara aliiuliza simu. "Nani amekukataza?"

Simu haikumtaja mtu.

Aliandikia namba ya msaada ya watu walioitengeneza programu. Alhamisi mchana kijana akampigia kutoka Nairobi, jina lake Guerschom, Mkongomani kwa lafudhi na mpole kwa tabia. Zahara aliiweka simu yake ndogo kwenye spika, akamweleza yote tangu mwanzo, mpaka habari ya jogoo. Guerschom alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo Zahara alilihesabu kama elimu.

"Mama, hilo duka si letu, sisi tunauzia ndani yake tu. Lakini naijua sheria yake. Haikubali mtu abadilishe inchi kama kuko kitu yenye ilibakia ndani ya akaunti. Pesa kidogo, salio. Nakuomba uangalie muzuri. Hakuna kitu ilibakia?"

"Hakuna," alisema Zahara.

"Hakuna kabisa?"

"Wallahi hakuna kitu, mwanangu."

"Basi mama, na mimi nashindwa," alisema Guerschom kwa huzuni ya kweli. "Kama iko zero na inakataa, sijui."

Kiti cha plastiki kikakwaruza sakafu. Komakech alikuwa amesimama. Alipiga ukuta kwa kiganja: pa! Zahara akageuka.

"Nini, Afande? Maji?"

Akatikisa kichwa. Akaburuta mguu wake wa kulia kuelekea dukani, akiegemea rafu, akiangusha pakiti mbili za iliki, akapita pazia. Zahara alisikia droo ya pesa ikivutwa, kisha vidole vikichakura chini kabisa, nyuma ya noti, kwenye kona. Alirudi polepole, jasho likimtoka, akamfungua mkewe kiganja na kumwekea kitu humo.

Ilikuwa senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati.

Ni hivi. Babu yake Zahara alikuwa na mazoea: droo ya duka hailali tupu. Hata siku ya njaa, hata siku ya vita, sarafu moja inabaki chini. Hainunui kitu, haikopeshwi, na ukiulizwa dukani kuna kiasi gani, haihesabiwi. Si pesa, ni mwenyeji wa droo, anayewasubiri wenzake warudi. Baba yake alifanya hivyo, na Zahara akafanya, tena kwa kila kitu: kwenye pochi, kwenye kopo la sukari, kwenye laini yake ya pesa za simu. Na Akwero alipoitia simu ile riyali chache ili mama ajinunulie programu za nyakati za sala na mapishi, Zahara alinunua, akaona zimebaki baisa kidogo chini, zile senti za riyali, akaziacha zilale. Kwa makusudi. Kwa adabu.

Alitazama sarafu. Akamtazama mumewe, ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kuulizia ile sarafu, wala kuigusa, na ambaye kumbe alikuwa akiiona.

"Ya Rabi," alisema. "Guerschom, mwanangu, bado upo?"

"Niko, mama."

"Nimekula kiapo cha bure. Kuna kidogo. Baisa. Nilikuwa siihesabu."

"Ni kiasi gani?"

"Haitoshi kununua hata hewa."

Guerschom alicheka kwa raha. "Ni hiyo, mama! Ni hiyo inafunga mlango! Kwa sababu haitoshi kununua kitu, uombe duka liifute. Nakuonyesha pahali kwenye iko."

"Liifute? Iende wapi?"

"Haiendi popote, mama. Inapotea."

Zahara aliondoa kidole kwenye kioo. Huyu ni mwanamke aliyewahi kusafisha choo cha wageni akitafuta sarafu iliyomponyoka mteja, akamrudishia. Kupoteza pesa kwa hiari, kwa kidole chake mwenyewe, mchana kweupe, hakuwahi. Aliona kama babu yake amesimama pale penye pazia na kofia yake ya kufuma, anangoja aone mjukuu atafanya nini.

Komakech aliketi chini taratibu. Hakuonyesha kidole, hakuhimiza. Aligeuza uso wake kuelekea barabarani, kama mtu asiyetaka kumwona mwenzake akilia.

"Babu," alisema Zahara kwa sauti, bila kumwonea haya Guerschom, "mume wangu ana maneno ndani humu. Utanisamehe."

Akagusa: nakubali. Simu ikatafakari. Baisa zikaondoka. Akagusa Uganda, na Uganda ikakubali, kama vile haikuwahi kuwa na ugomvi na mtu. Bei ikawa shilingi. Pesa za simu zikatokea kwenye orodha, njano na nzuri. Zahara akaweka namba ya siri akiifunika hata Komakech asiione, maana mapenzi ni mapenzi na biashara ni biashara. Simu yake ndogo ikalia: malipo yamepokelewa.

Komakech akaipokea ile kubwa. Kidole kilielea juu ya picha, kikaangukia pale kilipoangukia.

"Asante sana, daktari," ilisema sauti ya kijana wa pwani.

"Daktari!" Zahara alijipiga paja. "Umesikia, Guerschom? Jana nilikuwa jajja, leo ni daktari!"

*

Jumamosi ua ulijaa. Wakwe walikuja na vikapu, na msemaji wao, Kamis, alivaa kanzu nyeupe na koti la kijivu. Kamis anajulikana Kampala kwa mambo mawili: sauti nzuri na kutojua mwisho wa sentensi. Alieleza walivyotoka Kansanga, walivyoteremka, walivyopanda, walivyosikia harufu ya ua, ua gani, ua la aina gani, na nyuki walisema nini kuhusu ua hilo. Watoto wakaanza kusinzia.

Komakech alikuwa mbele, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, simu juu ya goti. Akagusa picha moja ya zile za hospitali.

"Nimechoka. Naomba kupumzika."

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Kamis mwenyewe alicheka, kwa kuwa ni mtu mwema, akafuta jasho. Lakini ilibidi aulize, ndiyo kazi aliyolipwa: "Basi jamani, msemaji wa upande wa binti ni nani?"

Kicheko kikaisha. Kutoka viti vya nyuma sauti ya mwanamke ikanong'ona, "Si huyu baba ndiye bubu?" na nyingine ikamwambia shh. Zahara aliisikia. Amito, chini ya mtandio, aliisikia. Swaibu alikohoa, akaanza kuinuka.

Komakech akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja mbele, vidole vimekaza. Kila mtu aliyewahi kushika usukani mjini humo aliujua mkono huo. Swaibu akaketi. Kisha kiganja kikashuka juu ya kioo, na ile sauti safi ya pwani ikaanza kusoma Kiswahili cha kambini, neno kwa neno, kama kilivyoandikwa, maana Amito alipojitolea kukisahihisha alifukuzwa.

"Mimi naitwa Komakech. Mimi ilikuwa polisi ya trafiki. Mimi ilisimamisha magari mingi sana. Kubwa, ndogo, hata ya wakubwa. Zuhair. Wewe mimi naangalia mwaka mbili sasa. Taa yako iko. Breki yako iko. Leo mimi hapana simamisha wewe. Pita. Lakini pole pole. Ndani ya gari umebeba mtoto yangu."

Hapakuwa na makofi mara moja. Zuhair aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na mama yake akawa anatafuta leso ambayo ilikuwa mkononi mwake. Halafu vigelegele vikaja vyote kwa pamoja.

Komakech hakuwa amemaliza. Aliingiza mkono mfukoni mwa shati, akamwita Amito kwa kidole, akamwekea kitu kiganjani. Kisha akaandika, herufi kwa herufi, na watu wote wakangoja bila kuchoka, hata Kamis.

"Hii ya babu ya mama yako. Weka kwa droo. Usihesabu."

"Afande!" Zahara aliruka kwenye kiti. Alidhani sarafu ilikuwa imekwisha kurudi mahali pake tangu Alhamisi. "Umeniibia dukani kwangu, mbele ya mashahidi! Jamani, kamateni huyu mtu! Polisi mzima!"

Watu walicheka, naye alicheka, na machozi yakawa yanamtiririka bila kuomba ruhusa. Komakech alimtazama. Picha ya glasi ilikuwa pale pale juu ya kioo, na nyuma yake ile "naomba" yenye adabu ikimsubiri. Akaiacha. Kidole kikaanza tena kazi yake ndefu, Z, kisha A.

"Zahara," ilisema simu. "Leta maji."

Aliinuka. Alipita dukani, akavuta droo iliyolala tupu, akadondosha sarafu ya shilingi mia bila kuitazama. Akajaza glasi. Kisha akarudi uani kwa hatua fupi fupi, akiirekebisha kanga ambayo haikuwa na kasoro, akisimama kumsalimia mtu aliyekwisha kumsalimia, taratibu, makusudi kabisa, masikio yote yakiisikilizia ile simu nyuma ya kelele za wageni.

"Zahara," ilisema sauti. "Haraka."